Pampu ya Baba Watoto

Kuna wanawake wanaowaonea wivu wahudumu wa baa, na kuna wanaokagua simu ya mume kila akienda kuoga. Mimi nilikionea wivu kipande cha chuma. Kilikuwa ndani ya tumbo la mume wangu, upande wa kulia, chini tu ya ngozi, kikubwa kama kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kukamulia. Ukimpapasa ulikigusa. Na kwa kuwa chuma hakijibizani na mtu, wivu wangu niliupeleka kwa aliyekileta nyumbani kwangu, yaani dada yake, wifi yangu, muuguzi katika hospitali moja pale Nakuru mjini. Nitasema yote hapa, hata yale yanayonivua nguo, kwa sababu nimechoka kuyabeba.

Sisi ni watu wa Rongai. Mume wangu alikuwa mpakiaji wa mahindi kwenye malori, na msimu mmoja wa mavuno aliteleza juu ya magunia akaanguka chali. Uti wa mgongo ukaumia. Miguu haikufa kabisa, na taabu ilianzia hapo, kwa sababu mguu uliokufa hulala tu, lakini yake ilikuwa na hasira zake. Ilikakamaa, ikajikunja, ikapiga mateke bila yeye kuituma. Siku nyingine ilimrusha kutoka kwenye kiti cha magurudumu akajikuta sakafuni. Yeye aliiita punda. Akiniambia asubuhi kwamba punda wameamka, nilijua kazi imeanza. Vidonge vya kulegeza misuli tulikuwa navyo, lakini kipimo cha kuilegeza miguu kilimlegeza na kichwa, akashinda anasinzia mate yakimtoka. Tukavipunguza, tukabaki na punda.

Basi kila alfajiri kabla ya kwenda kukamua nilimnyoosha. Nilichota mafuta ya kukamulia, yaleyale ya chuchu za ng'ombe, maana kwetu hayo ndiyo dawa ya kila ngozi kuanzia visigino vilivyopasuka hadi mashavu ya watoto. Nikapiga magoti kitandani, nikauweka mguu wake begani kwangu, nikasukuma polepole mpaka goti likubali. Nilihesabu hadi sitini, nikashika ule mwingine. Niliijua ile miguu kuliko nilivyojua miguu yangu. Nilijua kwamba wa kushoto ni mkaidi na wa kulia ni mwoga.

Na wakati nikisukuma, yeye aliongea. Mwanamume ambaye kabla ya ajali alikuwa mtu wa maneno matatu kwa siku, mawili yakiwa ya kuulizia chai, sasa alinisimulia utoto wake, ugomvi wake na baba yake, ndoto alizoota, hofu zake. Alinitania kwamba nina mikono ya seremala. Nitasema jambo la aibu: ile miaka minne baada ya ajali ndiyo iliyokuwa mizuri katika ndoa yangu. Mgongo wangu uliniuma, mikono iliniuma, lakini alikuwa wangu. Hakukuwa na mtu mwingine chini ya jua aliyeweza kumfanyia nilichomfanyia.

Ndipo wifi akaja na habari zake. Alikuja Jumapili moja, akavua viatu vyake vizuri mlangoni, akaketi karibu na kaka yake, karibu kuliko nilivyopenda, akaeleza kwamba kuna daktari anayeweza kumwekea mtu pampu tumboni. Pampu hiyo ina kihifadhi cha dawa ndani yake. Mrija mwembamba hupitishwa chini ya ngozi kuzunguka kiuno hadi mgongoni, ukaingia kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo, na dawa ileile ya vidonge inadondoka pale pale inapotakiwa, kidogo sana, usiku na mchana, bila kupitia kichwani na kumlevya mtu. Ikikaribia kuisha hujazwa kwa sindano kupitia ngozi ya tumbo. Nilimuuliza kama na mimi nitakuwa nikiijaza. Akacheka, si kwa ubaya, akasema hapana, wifi, hiyo ni kazi ya waliosomea.

Kwanza walimjaribu. Daktari alimdunga mgongoni dawa kidogo ili waone kama itamfaa. Tulisubiri saa mbili hivi, kisha nikaona miguu yake ikitulia juu ya kitanda, vidole vikafunguka, magoti yakalala. Mume wangu alilia. Dada yake alimshika mkono akalia naye. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye ukuta wa hospitali na kulia pia, na wapita njia wakaniambia pole mathe, atapona. Hawakujua kwamba nilikuwa nalilia kazi yangu.

Upasuaji ulifanyika Nairobi. Kabla ya kumwingiza, daktari alituketisha sote watatu akatueleza hatari, na sitaki mtu adhani sikuelewa, nilielewa kila neno. Alisema kidonda kinaweza kuoza, na kikioza huenda kifaa kikatolewa. Mrija unaweza kujikunja au kuchomoka. Dawa ikizidi mtu atalala asiamke vizuri na pumzi itapungua. Lakini lile alilolirudia mara tatu ni kwamba dawa isikatike ghafla hata siku moja. Ikikatika, mwili huasi. Mtu anaanza kuwashwa mwili mzima bila kipele hata kimoja, halafu miguu inakaza kuliko ilivyokuwa mwanzo, halafu joto, halafu anapayuka, na wengine hufa. Alitupa vidonge vya akiba vya kumpa tukiwa njiani kwenda hospitali. Akasema pampu hulia ikikaribia kukauka. Wifi aliandika yote kwenye kijitabu, akakiweka ndani ya mkoba wake, akanishika bega na kuniambia nisijisumbue, yeye atashughulikia. Neno hilo lilinichoma roho kwa mwaka mzima.

Asubuhi ya kwanza nyumbani nilifungua mkebe wa mafuta kama kawaida. Yeye akanishika mkono akasema, "Leo acha tu, mama watoto. Iko sawa." Kesho yake akasema hivyo tena. Keshokutwa sikuufungua mkebe. Nilienda zizini na mafuta yakaenda kwa ng'ombe peke yake.

Haya, mtu atasema ningefurahi. Mume anakaa kwenye kiti bila kurushwa, anajisukuma mwenyewe hadi madukani, anashinda hapo na wanaume wenzake wakibishana kuhusu bei ya mahindi na siasa, anarudi jioni akiwa na vicheko vilivyobaki. Kwangu analeta mabaki. Nikimuuliza walikuwa wakisema nini, ananiambia, aah, mambo tu. Yule aliyenisimulia utoto wake alirudi kuwa mtu wa chai. Nilinuna. Nilimwekea chakula mezani nikaenda kukalia ndoo nje. Sikumgusa tena, maana nilijiambia kwamba kama chuma kinamtosha, basi kimpikie na ugali.

Kila baada ya miezi mitatu wifi alikuja na gari kumchukua kwenda kujazwa, kwenye kliniki ya Nakuru anakofika yule daktari. Mume wangu siku hiyo alivaa shati lake jeupe. Mimi nilibaki na ng'ombe. Walirudi wakiwa wameshiba kuku na chipsi, wakicheka mambo ya utotoni kwao, na wifi akimgonga tumbo kwa kidole akiuliza kama tenki limejaa. Nilitamani kumvunja kile kidole. Tulipofanya ibada ya shukrani kanisani, mume wangu alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari, akamwita dada yake mbele ili watu wamwone. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilivisikia vizuri kutoka nyuma ya kanisa, nilikokuwa nakoroga sufuria ya pilau ya wageni.

Siku hiyo nilimfuata wifi kwenye gari lake, aproni bado imejaa moshi, nikamwambia safari ijayo nitampeleka mimi. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia kwamba kabla hajajua pampu ni nini mimi nilikuwa nimeshaosha mgongo wa kaka yake mara elfu. Akafungua mkoba akanipa kadi ya tarehe. Niliiweka ndani ya Biblia na kutembea mle nyumbani kama mwenye hati ya shamba.

Sasa sikiliza kosa langu. Wiki chache baadaye wifi alimpeleka mara moja tena kwa daktari, si kumjaza bali kuongeza kasi ya dawa, kwa kimashine ambacho daktari hukiweka juu ya tumbo. Jioni yake, nikiwa nakamua, wifi akanipigia simu. Nilipoona ni yeye, nikapokea kwa spika, nikaiweka simu juu ya kigoda karibu na mbavu za ng'ombe, nikaendelea kukamua. Nilimwacha aongee na ng'ombe. Sauti yake ilienda, ikaenda, mimi nikisikiliza maziwa yakigonga ndoo, na aliposema wifi, umenisikia, nikainama nikasema ndiyo. Alichokuwa akiniambia, na nilikuja kukijua baadaye nikiwa nimesimama kwenye veranda ya hospitali, ni kwamba kwa kuwa kasi imeongezwa dawa itaisha mapema, kwa hivyo niifute tarehe ya kwenye kadi na niandike nyingine, siku kumi na nne kabla.

Mimi nikakaa na kadi yangu. Siku moja baada ya chakula cha mchana nikasikia mlio mdogo, pi pi, ukanyamaza. Baadaye tena, pi pi. Kwetu kila mtu anaujua mlio huo, ni mita ya stima ikikumbusha kwamba tokeni zinaisha. Nikanunua tokeni, nikaingiza tarakimu zote, mita ikanishukuru kwa taa yake. Mlio ukaendelea. Nikailaani kampuni ya stima, nikaifunika mita kwa kitambaa. Mume wangu mwenyewe, ambaye mlio ulikuwa unatoka ndani yake, alinisaidia kulaani.

Siku ya pili akaanza kujikuna. Alijikuna mikono, shingo, tumbo, mpaka akaomba nimkune mgongo kwa kitana. Nikasema ni viroboto wa vifaranga. Nilimtazama ngozi na haikuwa na kitu. Hapo ndipo jambo lilipojigeuza ndani yangu, kama mtu anayegeuka kitandani bila kuamka. Nililisikia. Nikalilaza tena.

Asubuhi iliyofuata, kabla sijatoka kwenda zizini, aliniita. Miguu ilikuwa imepanda hadi kifuani. Punda walikuwa wamerudi wote wawili na hasira ya miezi yote waliyofungwa. Akasema, akiwa na aibu kidogo, "Mama watoto, hebu nishikie mguu."

Nilijua. Nataka niliandike neno hilo peke yake ili nisije nikajidanganya baadaye. Nilijua kwamba mwasho bila kipele na miguu kukaza ndiyo yale daktari aliyoyarudia mara tatu. Nilijua ule mlio haukuwa wa mita. Na vidonge vya akiba vilikuwa ndani ya kabati, hatua nne kutoka nilipokuwa. Lakini mkono wangu ulienda kwenye mkebe wa mafuta.

Nilimnyoosha saa nzima. Ng'ombe akalia zizini, nikamwacha alie. Nilisukuma wa kushoto, mkaidi wangu, nikasukuma wa kulia, na yeye akaanza kuongea. Aliongea kuhusu mahali walipochunga mbuzi akiwa mdogo, kwa mama yake, huko Keringet, na baridi iliyokuwa ikiwauma masikio. Akaniambia mikono yangu haijabadilika, bado ni ya seremala. Nikacheka. Nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha kama msichana. Nilijiambia ni asubuhi moja tu. Nilijiambia nikimaliza kukamua nitapiga simu. Nilipomaliza kukamua aliniita tena, nikaenda, na simu ikabaki mfukoni. Saa sita nilimlisha uji kwa kijiko. Sikutaka kumgawa na mtu.

Saa tisa hakukuwa na cha kugawa. Mwili ulikuwa moto, jasho limelowesha godoro, miguu imekauka kama mbao, meno yameumana. Nilimwita akafungua macho, akaniangalia, na hakuniona mimi. Alimwona dada yake. Akaniambia kwa sauti ya mtu anayenong'ona siri, "Dada, mke wangu siku hizi hanigusi. Tangu niwekwe hii kitu ni kama mimi ni mgeni kwake. Nilitaka tu apumzike."

Nilipiga simu, nikakosea namba mara mbili. Wifi hakunigombeza. Aliuliza vidonge viko wapi, akaniambia nisage viwili kwa kijiko nimpe kidogo kidogo kama anameza, nisimpe kitu kingine, anakuja. Alivyoendesha gari siku hiyo sijui, lakini alifika kabla jasho halijanikauka. Tulimbeba na majirani. Njiani hadi Nakuru nilikaa nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, na kila alipomwita dada yake, aliyeitika kutoka mbele ni yeye.

Hospitalini daktari kijana wa zamu alitazama joto lile akasema ni malaria kali au damu imeingia vijidudu, na simlaumu, huku kwetu kila homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na pampu kama ile hakuwahi kuiona. Wifi alilifunua tumbo la kaka yake mbele ya huyo kijana, akamshika mkono na kumgusisha pampu. Akampigia yule daktari wa upasuaji akaiweka simu kwenye sikio la kijana. Watu wakaanza kukimbia. Halafu akatoka akanikuta kwenye veranda, ana kalamu mkononi.

"Ilianza lini? Sema ukweli, wifi, wanahitaji kujua."

Nikamwambia mwasho ni tangu jana. Miguu tangu asubuhi.

"Asubuhi saa ngapi?"

"Kabla ya kukamua."

"Na umenipigia saa tisa."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nilitafuta uongo nikaukosa. Nikasema, "Alikuwa ananihitaji."

Nilingoja anipige kofi, na ningelipokea. Aliandika zile saa kwenye kiganja chake, akaniuliza kwa upole kama sikumsikia siku ile kwenye simu alipobadilisha tarehe, na alipoona uso wangu hakungoja jibu. Akarudi ndani.

Mume wangu alikaa siku nne kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Pampu ilijazwa usiku uleule wa kwanza, lakini mwili ulioasi hautulii mara moja. Misuli ilikuwa imejikaza mpaka ikaanza kumomonyoka, na uchafu wake ukatishia figo. Nilizijua habari hizo kupitia wifi, ambaye alitoka kila baada ya muda kunieleza kwa maneno mepesi, kama mtu anayemlisha mtoto. Kulala alilala kwenye benchi, mimi kwenye benchi la pili. Tulikunywa chai ya chupa moja. Hakuniuliza tena.

Siku ya tano walimhamishia wadi ya kawaida. Miguu ilikuwa imelala, vidole vimefunguka. Saa ya kuona wagonjwa mchungaji alikuja, na majirani wawili, na wale wanaume wa madukani wanaobishana kuhusu mahindi, kitanda kikazungukwa. Mume wangu alikuwa mdogo ndani ya lile gauni la hospitali lakini sauti ilikuwa yake. Akaanza, kama nilivyojua ataanza, kwamba dada yake amemwokoa mara ya pili. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pake. Nilisikia ule wivu wa zamani ukiamka kifuani, hata baada ya yote hayo, hata pale. Nilishangaa kwamba ulikuwa bado hai.

Wifi akamkatiza. Alisema, bila kuniangalia, "Mshukuru mke wako. Ndiye aliyejua na ndiye aliyenipigia."

Mume wangu akageuza kichwa. Akaninyooshea mkono, nikaupokea, na mbele ya mchungaji, majirani na wale wanaume wake akasema, "Mnamwona huyu? Bila huyu sasa mngekuwa mnachimba kaburi." Watu wakasema amina. Miaka yote nilikuwa nimengoja maneno hayo. Nilikuwa nimeyapanga kichwani, nikajua hata nitajibu nini, nitainamisha kichwa vipi.

"Nilichelewa kupiga," nikasema.

Akanibana kiganja, akatabasamu. "Umechelewa wapi, mama watoto? Si niko hapa?"

Wageni wakacheka. Wifi peke yake hakucheka.